Vifaru vya Mapokezini

Kaka yangu hajawahi kuona jangwa. Mimi pia sijaliona. Lakini jangwa lile nililitengeneza mimi, kwa mikono yangu, juu ya meza kubwa ya mninga iliyokuwa mapokezini kwake Masasi, na muda wote niliokuwa nimeinama pale yeye alikuwa nyuma yangu akiniambia kuwa jangwa haliko hivyo. Nikiikumbuka sauti yake mpaka leo nasonya.

Zilikuwa zama za ruksa. Vitu tulivyozoea kuvisikia redioni vikaanza kushuka kwenye malori: marobota ya mitumba, rangi za makopo, sabuni za kunukia, televisheni. Wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia Newala, kaka aliacha ukarani wa ushirika akaanza kuwakusanyia mzigo vijijini. Alijua nani ana mikorosho mizuri na nani ana shida gani, na maneno hakukosa. Haikupita misimu mingi akajenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, akaweka tangi la maji juu ya nguzo, akaanza kuitwa mkurugenzi. Sisi watu wa Newala tumekua tukiteremka bondeni na ndoo kutafuta maji. Mtu akiwa na tangi lake juu ya nguzo tunamsikiliza hata akisema upuuzi.

Nyumba ya wageni ya jirani yake ilikuwa na video. Kaka akataka kitu ambacho jirani hangeweza kukinunua. Wageni aliowatamani ni Wajerumani waliopita kwenda Ndanda, kwenye abasia ya watawa na hospitali: madaktari, mafundi, na ndugu zao waliokuja kuwatembelea. Mmoja wao alilala kwake akasahau kitabu chumbani. Kilikuwa kitabu kinene cha picha za vifaru na magari ya deraya ya Wajerumani wakati wa vita vya pili vya dunia. Kwetu wazee wakisema "enzi za Mdachi" wanasema kwa sauti ya namna yake, nusu hofu nusu majivuno, hata kama waliochapwa viboko ni baba zao wenyewe. Kaka akaamini kuwa Wajerumani watakuwa na majivuno hayo maradufu. Akaamua kuwapangia vita vyao mapokezini, wavione wakiwa wanakunywa chai: vifaru vidogo vya mti, jangwani, kila kitu kama kilivyokuwa.

"Nataka usahihi wa kihistoria," aliniambia alipokuja kwangu Newala, kitabu amekifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. "Sitaki kitu cha kubuni hata kimoja."

Kitabu chenyewe kiliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo katika ukoo wetu mzima hakuna anayeijua hata salamu yake.

Mimi alinitaka kwa sababu ya udongo. Nafinyanga vyungu, na kukandika nyumba ndiyo kazi niliyosifiwa tangu nikiwa msichana. Ukuta nikiukandika mimi haupasuki. Vifaru angevichonga fundi mmoja wa Newala, mtu mzima ambaye kazi yake ya asili ilikuwa kuchonga mapiko, zile sura za mti wanazovaa wachezaji wa ngoma vijana wanapotoka jandoni. Mwanamke hatakiwi kujua sura zile zinachongwaje wala nani anazivaa. Lakini ruksa ilipokuja fundi alianza kuzichonga kando ya barabara mchana kweupe na kuwauzia wageni. Kwa hiyo nilijua, naye alijua kuwa najua, na wote wawili tukajitia hamnazo.

Na alikuwepo mjomba wetu, aliyeishi Makote. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baba alipoondoka ni yeye aliyetulea, na ada ya shule ya kaka ilitoka kwenye mikorosho yake. Enzi za Mwingereza alichukuliwa kwenda vitani, akapelekwa kaskazini kabisa, kwenye jangwa la Libya. Hakupewa bunduki. Alikuwa kwenye kikosi cha vibarua: walipakua meli, walitengeneza barabara, walichimba. Vita vikishapita mahali, wao ndio walioitwa kusafisha. Waliburuta mabaki ya vifaru yaliyoziba njia, wakawatoa waliofia ndani, wakawazika.

Wenzake waliokwenda Burma na bunduki walirudi wakipigiana saluti sokoni. Yeye wakamwita askari wa sepetu. Utani ule ulimfuata mpaka mvi zikamtoka, na ulimuuma, ingawa alikuwa akicheka pamoja nao. Basi aliposikia kuwa mtoto wake anatengeneza vita vya jangwani mezani, akataka kitu kimoja tu, awekwe humo. Mtu mmoja mweusi, mwenye sepetu, kando ya gari lililoungua.

"Watu wangu wanione," aliniambia. "Basi. Nilikuwepo."

Nikamwambia atawekwa. Wala sikumuuliza kaka, maana sikuona kama ni jambo la kuomba.

Ugomvi ulianzia kwenye rangi. Kitabuni vifaru vya jangwani vilikuwa vya rangi ya mchanga. Kaka akanunua kopo la rangi ya njano, njano ya ndizi mbivu kabisa, akamwamuru fundi avipake vyote. Nikamwambia aache. Mjomba alikuwa amenieleza kuwa ile rangi ya mchanga ilikuwa ya juu tu. Moto ulipoibabua, au upepo wa mchanga ulipoikwangua, chini yake kulikuwa na kijivu, kama majivu ya jikoni. Vilitoka kwao na kijivu chao. Na alisikia kwa waliotangulia kuwa vile vya kwanza kabisa, kabla rangi haijafika, vilipakwa matope.

"Waliyakandika," mjomba alisema, "kama unavyokandika nyumba wewe."

Hapo nikajua la kufanya. Fundi akavipaka vyote kijivu, kisha nikavikandika mimi kwa ncha za vidole, udongo wa kichuguu niliouchekecha na kuuchanganya na gundi, nikiacha kijivu kichungulie kwenye kona na kwenye minyororo ya kutembelea. Vilipokauka vilionekana vimetoka mbali na vimechoka. Fundi alivizungusha mkononi kimoja kimoja akacheka kwa raha. Sijawahi kuipenda kazi yangu nyingine kama ile.

Kaka alipoviona aliuliza kwa nini nimevichafua.

"Ndivyo vilivyokuwa," nikamwambia.

"Kitabuni ni safi."

"Vya kitabuni vinapigwa picha. Hivi vinapigana."

"Nani kakwambia?"

"Mjomba."

Akavuta pumzi kwa pua, tabia yake tangu utotoni anapotaka uone kuwa anakuvumilia. Nilitamani kumtupia ndoo ya udongo.

Kutoka kwenye rangi tukaenda kwenye mchanga. Aliagiza mchanga mweupe wa pwani kutoka Mtwara, ukaja kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, akataka nimrundikie vilima vyenye mawimbi na minazi juu yake. Mjomba alisema alikokuwa yeye hakukuwa na vilima vya mchanga. Ilikuwa ardhi ngumu, kokoto na vumbi, na vichaka vya miiba vifupi visivyofika hata magotini. Mimi nikaenda kwa wanawake wanaoponda kokoto chini ya milima ya mawe, njia ya Lisekese, wakanipa chenga na vumbi walilokuwa wakilitupa. Nikalitandaza mezani, nikapanda vijiti vya ufagio kuwa miiba. Ili anyamaze, nikampa kilima kimoja tu cha mchanga wa pwani, kwenye kona ya mbali. Minazi nikakataa.

Yakaja madumu. Mjomba alisema magari ya vita kule yalibeba mizigo kama lori linalokwenda gulioni: magunia, mablanketi, minyororo ya akiba imefungwa mbele, na madumu kila upande. Ya maji yalichorwa msalaba mweupe yasichanganywe na ya petroli. Fundi akachonga madumu madogo kama punje za korosho, nikayachora misalaba kwa unyoya wa kuku. Asubuhi yake nikayakuta yote kwenye kikopo cha takataka. Kaka alisema yanafanya vifaru vionekane kama gari la mitumba. Mtu wa Newala, amekua na ndoo kichwani, anaondoa maji jangwani! Niliyaokota yote nikayarudisha, akayaondoa tena, na mwisho nikachoka mimi.

Kilichonipandisha mori zaidi ni kile kifaru kikubwa. Kitabuni kulikuwa na dude moja refu, pana, lenye mzinga kama nguzo ya umeme, na kaka akalipenda kuliko yote. Nikamwonyesha kuwa katika picha ile dude limesimama kwenye theluji. Miti yote nyuma yake imefunikwa. Nikamwambia mjomba hakuliona kule Libya.

"Theluji inayeyuka," akanijibu, na fundi akaagizwa alichonge likubwa kuliko mengine yote na kuliweka katikati.

Halafu kuna ile alama ya chama kilichowatawala wakati wa vita, msalaba uliopindwa, uliochorwa pamoja na mnazi kwenye ubavu wa baadhi ya magari. Nilishamsikia padri mmoja akisema kuwa kwao Ujerumani mtu akiichora alama ile anashtakiwa. Nikamsihi kaka aiache. Hakutaka kusikia. "Historia ni historia, dada. Hatuchagui." Nayaandika maneno yake hapa kama alivyoyasema, kwa sababu si muda mrefu baadaye alikuja kuchagua.

Ikafika siku akasema amechoka kusikia mjomba alisema, mjomba alisema. Akapanda pikapu yake mpaka Makote, akamleta mjomba Masasi. Nilikuwa pale, mikono imejaa vumbi. Nikaifuta kwenye kanga nikamwamkia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Jangwa lenyewe liko wapi?"

Macho yake wakati huo yalikuwa yameingia ukungu. Alisogea mpaka pua ikakaribia meza, akaokota kokoto moja akaisugua kwa dole gumba, akaitia mdomoni kidogo, akaitema. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaka hakumpa nafasi. Alimkalisha kwenye kiti cha wageni, mbele ya msichana wa mapokezi, mpishi na fundi, akamfungulia kitabu mapajani.

"Mjomba, tuonyeshe. Kipi uliona cha Mjerumani?"

Mjomba alifungua kurasa polepole, akizisogeza karibu na uso. Mwisho akaweka kidole. "Hiki. Vya Ndachi vilikuwa hivi. Nilitoa watu ndani ya kimoja."

Kaka akainama, akatazama, akaanza kucheka. Nami niliona alichokiona. Askari waliosimama kando ya kifaru kile walivaa kofia bapa kama sahani, kofia za Waingereza. Kilikuwa cha Mwingereza.

"Mjomba, hiki ni chenu! Ulikuwa upande gani wewe?"

Mpishi akacheka kwa sababu bosi amecheka. Mjomba alikitazama tena kile kifaru, muda mrefu.

"Vikishaungua vinafanana," akasema. "Na watu wa ndani wanafanana."

"Haya basi." Kaka akakifunga kitabu. "Mwenyewe hajui lipi la nani, na wewe dada unanisumbua na mjomba alisema."

Ndiyo, mjomba alikosea. Sitamtetea kwa uongo. Alikosea gari, lakini hakukosea jangwa, na mtu aliyemlea hakustahili kuchekwa mbele ya mpishi. Nikamrudisha Makote mimi mwenyewe. Tulipofika mlangoni kwake ndipo aliponishika mkono na kuuliza kama bado atawekwa.

"Utawekwa," nikasema. Safari hii nilisema kwa hasira.

Fundi akamchonga. Alikuwa na urefu wa kidole cha kati, amevaa kaptula, sepetu begani, na mashavuni fundi akamchanja nembo zilezile alizochanjwa mjomba ujanani. Nilipokwenda kumchukua fundi akakataa kunipa.

"Hajaisha. Kichwa kitupu."

Nikamwambia apake rangi nyeupe. Akanitazama kama mtu niliyemtukana. Wachongaji wa mapiko wana utaratibu wao, na sura ya mtu anayejulikana haikamiliki mpaka ibandikwe nywele za kweli. Mara nyingi ni nywele za mtu yeyote aliyenyolewa. Lakini huyu, alisema, ana jina lake na ukoo wake, na nywele lazima ziwe zake mwenyewe. Vinginevyo ni sanamu ya duka.

Nikaenda Makote. Kwetu nywele za mtu hazigawiwi hovyo. Ukinyolewa unazikusanya na kuzifukia, usije ukampa mbaya wako mahali pa kukushikia. Nilimweleza mjomba, nikategemea atanifukuza. Akamwita mkewe alete wembe. Alinyolewa pale uani, akanifungia zile mvi kwenye kipande cha kanga na kunikabidhi kwa mikono miwili.

Fundi akazibandika kwa nta ya nyuki. Na kweli, zilipokaa pale juu ya uso ule mdogo, nikampokea kwa mikono miwili. Alikuwa yeye.

Pembeni yake niliweka gari la deraya, lile lenye matairi mbele na minyororo nyuma, nililolichoma kwa kaa la moto mpaka upande mmoja ukawa mkaa. Kaka alikuwa amekataza kitu kilichoungua. Nikawaweka wote wawili kwenye kona ya mbali, nyuma ya kile kilima cha mchanga nilichompa ili anyamaze. Mtu aliyesimama mlangoni hakuwaona. Ilibidi uizunguke meza.

Mjerumani wa kwanza alikuja na mkewe, wazee wote wawili, wanakwenda kumwona mtoto wao Ndanda. Kaka alikuwa amevaa suti. Aliwaongoza mpaka kwenye meza, akawasha taa aliyoiwekea maalumu, akasimama kando akitabasamu. Msichana wa mapokezi ndiye aliyenisimulia. Mzee alitazama kile kifaru kikubwa, akaitazama alama ubavuni, akasema neno moja kwa mkewe. Wakaenda kukaa meza ya chakula. Yule mzee alihamisha kiti chake ili akipe kifaru mgongo, na asubuhi waliondoka hata chai hawakunywa.

Kaka akaanza kuizunguka meza akitafuta kosa. Usidhani aliiona ile alama. Alitafuta mpaka akafika nyuma ya kilima, akamkuta mjomba. Akamshika. Akazigusa zile nywele.

Alifika kwangu Newala siku hiyohiyo, pikapu inatimua vumbi mpaka uani, hajazima injini ameshaanza kupiga kelele. Majirani wakatoka.

"Umeniwekea nywele za mtu kwenye biashara yangu! Nimekukosea nini?"

"Ni nywele za mjomba wako."

"Ndiyo mbaya zaidi! Wageni wanakimbia, kumbe mmeniroga! Wewe na huyo mzee wako na huyo mchonga mapiko!"

Mtu mwenye suti, mwenye kitabu cha Ulaya, mwenye usahihi wake wa kihistoria, amesimama uani kwangu anasema amerogwa na dada yake kwa mvi za mzee. Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya majirani, na mengine ambayo siyaandiki. Akaona watu wanamcheka, akabadili wimbo.

"Sawa, si uchawi. Basi ni uongo. Nimekipitia kitabu kile mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mtu mweusi hata mmoja. Hata mmoja! Nilisema nataka kilichokuwepo."

"Na aliyewazika hao wa kwenye kitabu ni nani?"

"Hayo hayamo."

"Ulisema hatuchagui."

"Nilisema sahihi!"

Nikamwuliza mjomba yuko wapi, nikimaanisha kile kinyago. Akapanda gari akaondoka. Nikajipa moyo kuwa amekitupia kabatini na hasira zikimtoka atakirudisha. Mjomba sikumwambia kitu. Angeniuliza, na ningejibu nini?

Kiangazi kilichofuata nikampeleka mjomba hospitali ya Ndanda kwa ajili ya macho. Walimsafisha jicho la kulia, na walipolifungua alikuwa kama mtoto. Alisoma kwa sauti maandishi ya magari yote yaliyopita barabarani. Aliniambia uso wangu umekonda. Na tulipopanda gari la kurudi akasema, "Tushuke Masasi. Sasa naweza kujiona."

Nilitafuta kila sababu. Nikasema tumechelewa, nikasema kaka hayupo, nikasema jicho lisipigwe vumbi. Alinisikiliza, na tulipofika Masasi akashuka.

Kaka alikuwepo. Alimwamkia vizuri, siwezi kumnyima hilo, na akaagiza soda. Mjomba hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainama huku ameshika kiuno.

Vifaru vilikuwa vimeoshwa. Nilikuwa sijafika pale tangu ule ugomvi, kwa hiyo nami nikaona mara ya kwanza: nusu yake udongo wangu ulikuwa umetolewa kwa brashi na ile njano ya ndizi imepakwa juu. Kilima kimekuwa vilima vitatu. Minazi ya plastiki ilikuwa imesimama juu yake.

"Nchanga gani huu?" mjomba akanong'ona. Akaendelea kuzunguka, kidole kinapita hewani juu ya magari, polepole, gari kwa gari. Alifika kwenye ile kona ya mbali. Gari lililoungua halikuwepo. Akaizunguka meza tena kuanzia mwanzo. Msichana wa mapokezi aliinamisha kichwa akajifanya anapanga funguo.

"Mbona sijioni?" mjomba akasema. "Niko wapi?"

Nikamtazama kaka. Nilitaka ajibu yeye.

"Mjomba," kaka akasema kwa ile sauti ya uvumilivu, "tumefanya marekebisho. Hii ni historia, ni lazima iwe sahihi. Wewe pale hukuwepo."

Sijui kama aliisikia sentensi yake mwenyewe. Nami sikuweza kujizuia tena.

"Kinyago kiko wapi?"

"Dada, si mbele ya…"

"Kiko wapi!"

"Nimekitupa chooni!" Uso ulikuwa umemwiva. "Nywele za mtu unazitupa wapi? Ulitaka niziweke kwenye bakuli la sukari?"

Nadhani hata yeye alistuka. Nje mtu alikuwa anajaza tangi, tulikuwa tunaisikia pampu. Nilimgeukia mjomba nimshike, maana nilijua nywele zile amezitoa kwa imani gani, na kwa mzee wa Makote kutupwa chooni ni kutupwa mwenyewe.

Mjomba alikuwa amenyooka. Alimtazama kaka kwa jicho lake jipya, kuanzia viatu mpaka tai.

"Chooni," akasema. "Basi hapo umepatia."

Kaka hakuelewa.

"Tuliposhuka melini kazi ya kwanza haikuwa barabara. Wala haikuwa maiti. Tulipewa sepetu tukaambiwa, chimbeni vyoo vya wazungu. Siku nyingi sana, ni hiyo tu. Sikuwahi kumwambia ntu." Akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemea meza. "Kitabu chako hakijui, nkeo hajui, huyu mama hapa hajui. Wewe umepajua mwenyewe pa kuniweka."

Akanyoosha mkono nimshike. Soda aliiacha bila kuifungua. Tulipofika mlangoni niligeuka nyuma. Kaka alikuwa bado amesimama pale mezani, kitambaa mkononi, anakisugua kile kifaru kikubwa kama kwamba kina doa, na njano ilikuwa inatoka na kijivu kinaonekana.